Mutheu na Kunde Zilizochumwa

Ukimkuta Mutheu Nzioka shambani kwa mara ya kwanza, utadhani ameangusha pete. Anachutama mbele ya mche mmoja wa kunde, anainua jani kwa kidole, analichungulia upande wa chini, anaandika kidogo, anasogea hatua moja, anachutama tena. Wanawake wa mtaa wa Kaloleni, pale Voi, waliopita na ndoo zao walizoea kumtania juu ya ua.

"Mama Wanza! Bado hujaipata?"

"Bado," alijibu bila kuinua kichwa, "lakini iko hapa hapa."

Naye hakuwa anatania. Alichokuwa anatafuta kilikuwa mle mle ndani ya majani, kidogo kuliko chochote ambacho macho ya mtu yanaweza kuona, na alikuwa amekitafuta tangu siku za viatu vya shule vilivyotoboka kwenye kidole gumba.

Babake alitoka Kitui akiwa kijana kuja kukata mkonge. Alistaafu na mgongo uliopinda na kipande cha shamba nyuma ya mji wa Voi, upande unaotazama mlima wa Sagalla. Mkulima wa kweli pale nyumbani alikuwa mamake, Mbithe, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, ambaye hakupenda maneno mengi wakati jembe liko mkononi. Mwaka mmoja, Mutheu akiwa darasa la sita, mvua ilianza vizuri kisha ikakatika ghafla, kunde zikiwa ndio zinaanza kutoa maua. Kulikuwa na mistari miwili iliyopandwa siku moja, kwenye udongo ule ule mwekundu. Mmoja ulikauka ukawa kama majani ya chai. Wa pili, hatua moja kutoka hapo, ulisimama kijani kana kwamba kuna mtu anaunywesha kwa siri.

"Mwaitu," Mutheu alimwuliza mamake, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "mbona huu haujakufa?"

"Kunde ni nyingi, hazifanani. Shika jembe."

Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikumtosha. Alilibeba swali lile sekondari, akalipeleka chuo kikuu. Huko walimwambia kwamba ndani ya kila kiumbe kuna jeni, yale maagizo madogo ambayo mzazi humwachia mtoto, ya kumfanya awe mrefu au mfupi, mweupe au mweusi. Alifurahi sana, akadhani ameshika mkia wa lile swali. Akapata digrii ya kwanza, akapata ya pili. Na kadiri alivyosoma ndivyo alivyogundua kwamba hakuna jeni moja inayoitwa ya kuvumilia jua. Ziko nyingi, na zinategemeana.

Alipoamua kusomea digrii ya tatu, ile inayompa mtu jina la daktari, ndipo alipokutana na mlima. Swali lake halikuwa na chumba. Watu wa jeni walisema huyu ni wa kompyuta, kwa sababu anataka kutazama maelfu ya jeni kwa pamoja na jinsi zinavyoitikiana. Watu wa kompyuta walisema huyu ni wa shamba, tazameni kucha zake. Watu wa kilimo wakasema sisi tunapima magunia, hayo mengine hatuyajui. Alizunguka kwenye ngazi za chuo kama mtu aliyeleta mgonjwa na kila dirisha linamwelekeza dirisha jingine. Mwishowe walipatikana wawili waliokubali kumsimamia kwa pamoja. Mmoja ni Dakta Mable Wanyonyi, mtaalamu wa jeni, mwanamke mwenye macho makali ambaye hakumsifu mwanafunzi hata siku moja mbele yake. Mwingine ni Profesa Nyongesa wa hesabu na kompyuta, mzee mpole aliyecheka peke yake akisoma namba.

Masomo hayo yanaitwa baiolojia ya mifumo. Mbithe alipouliza ni nini hasa, Mutheu alikuwa anamwosha mtoto wake Wanza kwenye beseni, na mumewe Maxwell alikuwa ameshika taulo, amefika wikendi hiyo kutoka kazini kwake mpakani Taveta.

"Mwaitu, fikiria nyumba asubuhi. Mmoja anawasha jiko, mmoja anateka maji, mwingine anaamsha watoto, mwingine anatafuta soksi. Ukimtazama mmoja tu huwezi kujua kwa nini watoto wamechelewa shule. Pengine aliyewasha jiko hana kosa, ila wa maji hakuamka. Mimi sitazami mtu mmoja. Natazama nyumba nzima, nani amemwamsha nani, na mmoja akiugua kazi yake inachukuliwa na nani. Sasa hiyo nyumba ni jani la kunde, na hao watu ni jeni."

Mbithe alifikiria. "Na soksi ni nini?"

Maxwell alicheka mpaka taulo likaanguka majini.

Basi shamba la Mbithe likawa shamba la utafiti. Mutheu alipanda aina nyingi za kunde, kila aina na ukanda wake mrefu, kanda zote zikianzia langoni na kwenda mpaka ua wa nyuma. Maadui wa kunde sehemu hizo wanajulikana. Ndovu wakitoka mbugani hawaombi ruhusa, kwa hiyo Maxwell alizungusha waya na kutundika mizinga ya nyuki, maana ndovu anamwogopa nyuki kuliko anavyomwogopa askari. Kwa mbuzi waliweka miba. Kwa kanga, ambao hufukua mbegu kama wamelipwa, Mbithe alikaa na mawe ya kurusha. Mutheu akaleta na mtungi wa hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi kiasi kwamba ukiufungua unatoa moshi. Jani likitumbukizwa humo linanyamaza papo hapo kama lilivyokuwa, kila jeni iliyokuwa macho na kila iliyokuwa imelala, mpaka lifike maabara Nairobi. Majirani waliokuja kuutazama walisema Mutheu amepata jiko linalopika kwa baridi.

Kila kitu kilingoja siku moja. Majani yalitakiwa kuchukuliwa mvua ikishakatika, kunde zimeanza kusikia kiu lakini hazijasinyaa. Ukiwahi, mche haujui kama kuna shida. Ukichelewa, umeshakata tamaa. Mutheu aliipima hali ile kila asubuhi kwa vyombo vyake na kwa vidole vyake, akaona siku itakuwa Alhamisi. Wasimamizi wake wawili walipanga kuja siku hiyo hiyo kwa treni kujionea wenyewe.

Na hakukuwa na nafasi ya kurudia. Alipojifungua Wanza, chuo kilikuwa kimemwongezea muda, na kikamwambia waziwazi kwamba hakitaongeza tena. Mvua hii ikipotea, jina lake lingetolewa, na miaka yote ile ingekuwa hadithi ya mtu aliyekaribia.

Jumatatu jioni Wanza alipata homa. Kufikia Jumanne asubuhi alikuwa moto kama kikaango, na Mutheu akambeba hospitali, Mbithe akimfuata na begi la nguo. Walilazwa. Mtoto alitundikiwa maji, akalia, akalala, na Mutheu alikaa kwenye kiti cha chuma akiwa amemshika ule mguu mdogo, akiwaza homa na huku akiiwaza Alhamisi, na akijichukia kidogo kwa kuiwaza. Jumatano asubuhi homa ilishuka, mtoto akaomba uji. Wakaruhusiwa.

Mutheu alipita shambani kabla hata ya kufika nyumbani, Wanza akiwa mgongoni.

Alisimama langoni. Kwa mbali kunde zilionekana sawa, kijani kama alivyoziacha. Kisha macho yakazoea, na moyo ukampasuka. Ncha zilikuwa hazipo. Kwenye mche baada ya mche, yale majani machanga ya juu, ambayo ndiyo aliyoyangojea, yalikuwa yameondoka. Alidhani ni mbuzi. Akaingia mpaka katikati, akainama. Mbuzi hula akirarua, na hachagui. Hapa kila kikonyo kilikuwa kimekatwa safi kwa kucha, ncha mbili tatu kwa kila mche, maua hayakuguswa, maganda hayakuguswa, hakuna tawi lililovunjika. Hii ilikuwa mikono ya watu, tena mikono inayojua.

Ndipo aliposikia kandambili zikija nyuma yake na sauti ya furaha.

"Mama Wanza! Mtoto ameamkaje? Aki tulisikia mmelazwa tukasema tutakuja leo. Lete nimwone huyo!"

Alikuwa Gertrude Auma, jirani yao wa miaka mingi, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye mwenyewe alikuja Voi kutoka upande wa ziwa akiwa bibi harusi na hakurudi tena. Alimchungulia Wanza, akamgusa paji, akashukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshika Mutheu mkono kwa mikono yake miwili.

"Na nimekuja kukushukuru, nyathina, mwanangu. Branice wa pale kona amejifungua. Mvulana, mkubwa! Lakini damu ilimtoka sana, akaja nyumbani mweupe kama karatasi. Tukasema mzazi huyu anataka mboga ya nguvu. Tukatazama mashamba yote, aki ya nani, hakuna kunde kama zako. Tukaingia na leso zetu. Jana na leo amekula, na leo ameketi mwenyewe kitandani akaomba ugali uongezwe. Umemwinua mzazi, Mutheu. Mungu akuzidishie."

Mutheu alivitazama tena vile vikonyo.

Desturi ile aliijua. Nani asiyeijua upande ule? Wakati wa mvua, mwanamke mwenye sufuria ya kujaza huingia shamba la kunde la jirani na kuchuma majani, bila kubisha hodi, mradi asiguse maganda na asimalize mche mmoja. Mkamba anafanya hivyo, Mtaita anafanya hivyo, na watu wa magharibi mwa Kenya walipofika na reli na mkonge waliikuta wakaipenda, kwa sababu hata kwao ipo. Na mboga ikiwa ya mzazi, kuchumiwa shamba lako ni heshima. Wanawake huchagua lile zuri kuliko yote. Mutheu mwenyewe, Wanza alipozaliwa, alikula majani ya kunde ya shamba asilolijua ni la nani mpaka leo.

Alikuwa ameweka nyuki kwa ajili ya ndovu, miba kwa ajili ya mbuzi, na mawe kwa ajili ya kanga. Kwa wanawake hakuweka hata neno. Haikumpitia akilini kwamba shamba la utafiti lingeonekana machoni pa jirani kama shamba la kunde tu.

"Mbona umenyamaza?" Gertrude aliuliza, na furaha ikaanza kumtoka usoni. "Ama tumekosea? Mama, tulichuma vizuri. Hatukumaliza. Hata pale langoni tulikuachia wewe, hatukugusa, ili mwenyewe ukirudi kutoka hospitali usitembee mbali."

Mutheu alitazama uso ule. Angeweza kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, na lilikuwa neno kubwa. Lakini nyumba ya tatu kutoka hapo kulikuwa na mwanamke aliyeketi kitandani kwa sababu ya majani yale, akimnyonyesha mtoto.

"Hamjakosea, Mama Gertrude," alisema. "Branice anaendeleaje kunyonyesha?"

Gertrude alipoondoka, Mutheu alikaa chini pale pale kwenye udongo, akamgeuza mtoto mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Mbithe alimkuta hivyo. Alitazama kunde, akatazama binti yake, akaelewa nusu.

"Ni mbaya?"

"Mwaitu, mche ukikatwa unabadilika. Kila kitu ndani yake kinabadilika. Nilitaka kuuliza jua linafanya nini. Sasa nikiuliza, nitajibiwa mambo ya kucha za watu. Kesho wanakuja, na nitawaonyesha mboga."

Mbithe hakusema litapita. Alimchukua mjukuu, akampa ziwa lake kavu achezee, akakaa. "Mimi ningekuwepo," alisema, "ningewashikia leso. Sikudanganyi."

Labda ni kule kusema bila kuficha kulikomfanya Mutheu aache kulia. Ningewashikia leso. Mamake, ambaye alilinda shamba lile kama mboni ya jicho, angewashikia leso, kwa sababu kunde ni ya kuchumwa. Alifuta uso kwa upindo wa kitenge. Akauliza, taratibu, kama anajiuliza mwenyewe:

"Mwaitu, umewahi kuona kunde hapa Voi ambayo haikuchumwa?"

"Ya nani? Ya mtu aliyekufa?"

Mutheu alisimama. Kichwa kilikuwa kinamwenda kasi mpaka akahisi joto masikioni. Alikuwa amesoma miaka yote kutafuta jinsi kunde inavyopigana na jua, na aliilea kunde isiyochumwa, ambayo hakuna mtu kwao aliyewahi kuwa nayo. Kunde ya Voi haipigani na jua peke yake. Inapigana na jua huku inatoa majani kwa ajili ya sufuria, wiki baada ya wiki. Yule anayewasha jiko kule ndani ya jani, yule anayeteka maji, wote wanafanya kazi wakati mtu anaendelea kuwapokonya vyombo. Hilo ndilo lilikuwa swali. Swali la kwanza lilikuwa nusu yake tu.

Alitembea hadi langoni. Wanawake walikuwa wamemwachia sehemu ya mwenye shamba, kama Gertrude alivyosema, na kwa kuwa kila ukanda ulianzia langoni, kila aina ya kunde ilikuwa na miche ambayo haikuguswa. Miche iliyochumwa na isiyochumwa, ya aina ile ile, chini ya jua lile lile.

Alikata shauri. Alhamisi alfajiri, jua halijapanda, alifungua mtungi wake wa moshi akachukua majani kutoka pande zote mbili, akatumia vichupa vyote alivyokuwa navyo, hata vile vya akiba. Ikiwa amekosea, hakubaki na cha kujaribia tena.

Wasimamizi walifika adhuhuri. Dakta Mable aliingia langoni, akatembea hadi katikati ya ukanda, akainama, akashika kikonyo kilichokatwa. Hakuinuka haraka.

"Nani amefanya hivi?"

"Majirani, Dakta. Kuna mzazi."

Mutheu alieleza yote. Hakupunguza, wala hakumlaumu mtu. Kisha akaeleza kile alichofikiria. Profesa Nyongesa alianza kuchekacheka katikati ya maelezo, kile kicheko chake cha peke yake, lakini Dakta Mable uso wake haukusogea.

"Miche yako isiyochumwa yote iko langoni," alisema. "Maji ya mvua yanaingilia langoni. Udongo wa pale si sawa na wa huku nyuma. Ukiona tofauti, utajuaje ni kuchumwa na si udongo?"

"Sitajua," Mutheu alijibu. "Ndiyo maana sitasema nimethibitisha. Nitasema nimeona dalili. Ninaomba mvua moja zaidi, ya Novemba. Safari hii tuchume kwa kura, mche huu ndiyo, mche huu hapana, shamba zima. Na watakaochuma ni hawa hawa, kwa namna yao."

"Muda wako umekwisha. Unajua."

"Najua, Dakta."

Dakta Mable alitazama ng'ambo ya ua, ambako wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama wageni. Akanyofoa ncha moja ya kunde kwa kucha, haraka, bila kufikiri, kama mtu aliyelifanya jambo hilo utotoni mara zisizohesabika.

"Kwetu Bungoma tunachuma hivi hivi," alisema. "Miaka yangu yote nimefundisha mambo ya kunde, na sijawahi kuruhusu mtu achume mche wa utafiti." Aliitupa ile ncha. "Niletee hiyo dalili kabla kamati haijakaa. Ikiwa hakuna kitu, usinipigie simu kulia."

Mutheu alienda Nairobi na vichupa vyake. Wanza alibaki na bibi yake, na kila jioni Mutheu alimwimbia kwenye simu mpaka mtoto akaanza kuibusu simu. Mchana alikuwa maabara, akiyafanya majani yaseme. Baadaye alikuwa mbele ya kompyuta ya Profesa Nyongesa, akichora ile nyumba ya asubuhi: jeni hii inaamsha ile, ile inazima hii, nyuzi juu ya nyuzi mpaka kioo kizima kikawa kama wavu. Wavu wa miche isiyochumwa ulikuwa na umbo lake. Wavu wa iliyochumwa ulikuwa mwingine. Si kidogo. Nyuzi zilikuwa zimehama. Jeni zilizokuwa zimelala zilikuwa zimeamka na kushika kazi za wengine. Profesa alisogeza miwani, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Mpigie Mable," alisema. "Na usilie."

Kamati ilikaa. Dakta Mable, ambaye hakuwahi kumsifu mbele yake, inasemekana alimtetea kwa muda mrefu mwenyewe akiwa hayupo. Mutheu akapewa mvua moja.

Mvua ile ya Novemba bado inasimuliwa Kaloleni. Mutheu aliwaita wanawake uani, akawapa chai na mahamri, akawaeleza. Miche yenye kitambaa chekundu ichumwe, isiyo na kitambaa iachwe, hata kama inakuita kwa jina.

"Sasa hata mboga ina bahati nasibu!" Gertrude alisema, na watu wakaanguka kwa kicheko. "Na kama mche mzuri zaidi hauna kitambaa?"

"Unaupita, Mama Gertrude."

"Nitaupita nikiwa nimefumba macho basi, kwa maana nikiutazama mkono utaenda wenyewe."

Walikuja kila wiki. Walichuma kama walivyochuma siku zote, kwa kucha, ncha mbili tatu, huku wakipiga gumzo la waume na michango ya kanisa. Branice alikuja pia, mvulana wake mgongoni amenenepa kama gunia dogo, na alikuwa mkali kuliko wote juu ya vitambaa. Mwenzake akinyoosha mkono pasipostahili alimchapa kofi kwenye kiganja. "Hiyo ni ya kitabu! Toa mkono!" Majani yalipimwa, kisha yakaenda nyumbani kupikwa. Mvua ilikatika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na watu wote wakasikitika isipokuwa mmoja, aliyekwenda huku na huko na mtungi wake wa moshi akijaribu kutoonekana ana furaha.

Safari hii hakukuwa na swali la langoni wala la nyuma. Dalili ilikuwa imesimama ikawa uthibitisho. Na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Ile aina ya kunde iliyosifiwa zaidi kwa kuvumilia ukame, ambayo ikiachwa bila kuguswa ilisimama kama askari, ikichumwa ilichoka upesi kuliko zote. Na nyingine mbili, ambazo hakuna aliyezipa maanani, zilipochumwa ziliamsha jeni zao kwa mpangilio mpya, zikapunguza kunywa maji, zikachipua tena, na jua likazikuta ziko tayari. Mkulima angeshauriwa apande ile ya askari, angevuna huzuni. Hakuna kosa katika mbegu wala katika ushauri. Ni kwamba aliyeipima hakuwahi kuichuma.

Siku ya kutetea kazi yake, Mutheu alivaa gauni la kijani aliloshonewa Voi. Ndani ya chumba kulikuwa na watu wa jeni, watu wa kompyuta na watu wa kilimo, wote ambao zamani walimwelekeza dirisha jingine, sasa wameketi meza moja. Mtahini wa nje, mwanamume mwembamba aliyetoka mbali, alifungua kurasa na kuuliza:

"Umeandika hapa kwamba miche ilichumwa 'kwa desturi ya mahali.' Hii si kawaida katika kazi kama hizi. Kwa nini hukutumia mkasi na kipimo kimoja kwa kila mche, kama wenzako?"

"Kwa sababu hakuna anayechuma mboga kwa mkasi," Mutheu alijibu. Watu wachache walitabasamu, na yeye akaendelea bila kutabasamu. "Mche unaitikia kile unachofanyiwa. Nikiukata kwa namna ambayo haukutani nayo shambani, nitajua jeni zake zinavyojibu maabara. Mimi nilitaka kujua zinavyojibu kwetu. Tofauti za mkono na mkono tulizipima, ziko ukurasa unaofuata, na Profesa Nyongesa aliniadhibu sana kwa hesabu zake. Lakini mwanzoni sikujua haya. Mwanzoni nilipanda kunde nikasahau watu. Majirani zangu waliingia wakachuma kwa ajili ya mzazi, na nikadhani wameharibu kila kitu. Hilo pia nimeliandika, kwenye sura ya tatu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Mtahini alifungua sura ya tatu, akasoma kimya, akafunga.

Walimtoa nje wakashauriana. Mutheu alisimama kwenye ukuta wa baridi wa ule ukumbi, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Mlango ulipofunguliwa ni Dakta Mable aliyetoka, na uso wake ulikuwa mkali vile vile.

"Kuna masahihisho madogo," alisema. "Ingia, Dakta Mutheu Nzioka. Wanakungoja."

Jioni ile alipiga simu nyumbani. Iliita sana kabla haijashikwa, na nyuma kulikuwa na sauti nyingi na upepo.

"Mwaitu, uko wapi?"

"Shambani. Tunachuma. Ngoja, ngoja kwanza usiseme." Kukawa na mkwaruzo, sauti ya Mbithe ikaenda mbali. "Nyamazeni! Gertrude, bonyeza hiyo kitu isikike na wote. Haya. Sema sasa."

"Nimepita."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilikuwa vya kila namna, vya Kikamba, vya Kijaluo, vya Kiluhya, na kimoja cha Branice kilichomwamsha mtoto wake akaanza kulia, na Wanza akasikika akipiga kelele pia bila kujua sababu. Mutheu aliiweka simu mbali na sikio, akacheka huku machozi yanamshuka.

"Sasa tukuite nani?" Gertrude alipaza sauti. "Daktari?"

"Niiteni Mama Wanza, kama zamani."

"Wewe nyamaza huko," Mbithe alisema, na sauti yake, ambayo haikupenda maneno mengi, ilikuwa imejaa mpaka inamwagika. "Nimechuma mashamba ya watu nikakulea. Nitakuita Dakta, nitakuita asubuhi, nitakuita sokoni, nitakuita mbele ya watu wa kanisa. Na ukija nyumbani uje na njaa, Dakta. Mboga iko."